Ukumbi Mzima Ulitaja Jina la Baba

Nina umri wa miaka ishirini na moja na ninaishi kwa wazazi wangu hapa Lubumbashi, katika komini ya Kampemba. Sijaolewa, sisomi, na kazi yangu ni kumsaidia mama kuuza unga na samaki wakavu sokoni. Zamani nilikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu. Siku hizi mtu akinielekezea simu anipige picha, ninajifunika uso kwa kanga.

Ndugu wasomaji, nimesoma mikasa yenu mingi. Mmeibiwa waume, mmenyang'anywa mashamba na shemeji zenu, na mimi nimewalilia kama nawajua. Lakini bado sijamsoma mtu aliyemwangamiza baba yake mzazi kwa filamu ya kufundisha uadilifu! Basi leo msomeni mimi, Ntumba, binti wa Prof Kalambayi...

Huku kwetu mwalimu wa sekondari tunamwita prof. Baba yangu alifundisha hesabu katika shule moja hapa mjini, ambayo nami nilisoma, na sitaitaja. Prof Kalambayi alijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kukaa mbele ya ubao wake. Walimjua kwanza kwa koti lake. Lilikuwa koti zito la rangi ya kahawia, lenye viraka viwili kwenye viwiko, na viraka vyenyewe mama alivikata kutoka kitenge cha kijani cha sherehe ya kanisani kwa sababu kitambaa kingine hakikuwepo. Baba alilivaa bila aibu hadi watu wakazoea. Mfuko wa juu haukukosa chaki.

Tena walimjua kwa sababu hakununulika. Mama mmoja alileta kuku nyumbani kabla ya mitihani. Baba alimkalisha, akamweleza somo lote ambalo mtoto wake hakulielewa, kisha akamrudishia kuku wake na kumsindikiza mpaka barabarani. Alimwambia, "Kuku eko muzuri, mama. Mutapika yee siku mutoto atapita." Na mwanafunzi akija kulia kuhusu alama zake, baba alisafisha koo mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, halafu akatoa maneno ambayo mtaa mzima uliyajua: "Zero yako ni yako. Chunga yee!" Yaani itunze mwenyewe, usiitupe.

Na mimi nilizichunga zero zangu, msidhani eti mtoto wa prof alipendelewa. Niliwahi kurudia mtihani wake nikiwa nalia, naye akasahihisha huku amekaa meza moja na mimi, bukari, ugali wetu, inapoa katikati yetu.

Kuna desturi moja lazima niwaeleze, maana ndiyo iliyotumaliza. Shuleni kwetu, kila mwaka, wanafunzi wa darasa la mwisho hufanya sherehe na kuwaiga walimu wao. Mmoja anapanda jukwaani, anatembea kama mwalimu fulani, anakohoa kama yeye, na ukumbi mzima unapiga kelele kutaja jina la huyo mwalimu. Lisipotajwa, mwigaji hashuki. Walimu hukaa mbele na kujicheka, na hakuna anayekasirika. Katika darasa letu bingwa wa kuiga alikuwa Héritier, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo, kijana mwembamba aliyeweza kuvaa sauti ya mtu yeyote. Hesabu tu ndiyo iliyomshinda.

Mwaka wangu wa mwisho tulipata prefe mpya, yaani mkuu wa shule. Alikuwa mtu wa tabasamu na manukato, anayejua kuuliza habari za bibi yako. Haikuchukua muda tukaanza kusikia mambo. Mwisho wa muhula walimu hukaa pamoja kuamua nani amefaulu, na mtoto aliyekosa kidogo wanaweza kumvua kama samaki, wakamtoa majini. Kumvua mtoto wa bidii si dhambi. Lakini prefe alianza kuwavua watoto ambao hata daftari hawakuwa nalo, mradi wazazi wao walimtembelea kwanza. Walimu walinyamaza. Baba peke yake ndiye aliyesimama na kusema kwamba katika hesabu hakuna atakayevuliwa bila jasho lake. Prefe alitabasamu... akasema anamshukuru Prof kwa ukweli wake.

Baba aliporudi nyumbani alimwambia mama kwamba mkuu mpya ni mtu anayesikiliza. Maskini baba yangu! Hesabu zote alizijua isipokuwa za binadamu.

Wakati huohuo ndipo alipokuja Ya Fiston; kwetu "ya" au "yaya" ni kaka au dada mkubwa. Alikuwa kijana wa shirika dogo lililokuwa likizunguka mashuleni na kamera, kuwafundisha wanafunzi kutengeneza filamu fupi dhidi ya rushwa. Alisema mtoto aliyeiandika rushwa kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuila akiwa mkubwa. Nilimwamini, na hadi leo nadhani hakukosea katika hilo. Alituchagua wachache. Tukajifunza kuandika sinario, yaani maandishi ya filamu, kushika kamera bila kutetemeka, kunasa sauti karibu na barabara yenye malori. Mimi akanifanya mwongozaji. Hakuna siku niliyowahi kujiona mrefu kuliko siku ile.

Niliandika hadithi yenyewe. Mkuu wa shule anauza ushindi wa mitihani kwa wazazi. Msichana mmoja, Rebeka, anamwona na kumtaja mbele ya wenzake wote. Kisha Rebeka anapewa simu mpya na ahadi ya masomo, na kesho yake anasimama palepale na kusema alikosea, mkuu ni mtu mwema. Wenzake wanamzomea, "Rebeka amekula! Rebeka amekula!" Niliipenda sana sehemu hiyo. Niliona nimeigusa nchi yangu mahali inapouma.

Ya Fiston alisema tusipige picha kabla prefe hajaisoma, maana sisi ni wageni katika nyumba yake. Prefe aliisoma. Akaniita ofisini, akanipa Fanta baridi, akanisifu hadi nikaona haya. Halafu akaomba jambo dogo tu.

"Mutoto wangu, prefe eko picha ya serikali. Wageni batakuja, bataona mubaya. Weka prof tu, prof wa kawaida. Rushwa ni rushwa, sivyo?"

Nilijibu ndiyo, papa prefe. Niliona ni kweli, rushwa ni rushwa. Nilipofika mlangoni akaniita tena, na sauti yake ilikuwa ya mzazi kabisa.

"Na umuvalishe sawa prof wa kweli. Kwenu hakuna koti ya muzee? Ile ya papa yako iko na sura ya ualimu."

Wasomaji wangu, nyie mlio mbali mnaona mtego tangu hapo. Mimi sikuuona! Niliona mkuu anayependa filamu yetu. Nani angeona?

Jioni nilimwomba baba koti. Aliuliza la nini. Nikamwambia ni la filamu, kuna mwigizaji atakayekuwa mwalimu. Akauliza filamu inafundisha nini. Nikamwambia inafundisha haki. Basi akalivua, akatoa chaki mfukoni, akanipa na chaki zenyewe.

"Mwalimu bila chaki, bantu habatamuamini," alisema. "Lakini urudishe yee kabla ya baridi."

Hakuuliza kama mwalimu huyo ni mwema au mbaya. Na mimi sikusema.

Siku ya kupiga picha Héritier alikuwa mgumu kama ubao. Koti lilimpwaya, maneno aliyasoma kama mtu anayesoma tangazo. Tulirudia na kurudia hadi Ya Fiston akaanza kushika kichwa. Wakati wa mapumziko mjumbe akaja kumwita Héritier kwa prefe. Sikujali, maana kila mara mtu fulani aliitwa kwa jambo fulani. Aliporudi nikasema tuanze.

Akaanza... Alisafisha koo mara mbili. Akavua miwani ya kuigizia, akaifuta kwa upindo wa koti. Kisha akapokea bahasha kwa mzazi, akaitia mfukoni pamoja na chaki, akasema kwa sauti ya baba yangu, sauti ileile: "Zero yako ni yako... lakini tunaweza kuongea!"

Tulikufa kwa kicheko. Aliyeshika kamera alitetemeka hadi tukarudia. Ya Fiston alipiga makofi na kusema kwa Kifaransa kwamba hii sasa ni sinema. Na mimi? Mimi nilicheka kuliko wote! Tulikuwa tumezoea. Kila mwaka tulimwiga Prof Kalambayi, na yeye mwenyewe alicheka. Nilimwona Héritier, kipaji cha Héritier, filamu iliyokuwa imekufa ikifufuka. Baba yangu sikumwona hata kidogo. Nikasema, "Tunachunga hii." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Siku ya kuionyesha, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa wakaguzi, viongozi wa shirika, wachungaji, wazazi wenye viti vyao. Baba alikuja pia. Koti lilikuwa bado katika mfuko wa mavazi ya filamu, nami nilikuwa nimesahau kulirudisha, kwa hiyo alikaa nyuma na shati la mikono mifupi, amejikunyata. Alinipungia mkono. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, na mdogo wangu Bijou alikuwa magotini pake.

Taa zikazimwa. Kwanza vikaonekana viraka vya kijani. Kisha likasikika koo, mara mbili.

Mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele: "Prof Kalambayi!"

Hadi leo sijui alikuwa nani. Labda ni mtoto tu aliyezoea sherehe zetu. Labda alitumwa. Lakini mmoja akishaita, sisi tumelelewa kujibu! Ukumbi mzima ukapokea, kama tunavyofanya kila mwaka, kwa furaha, kwa miguu sakafuni: "Prof Kalambayi! Prof Kalambayi!" Na kwenye ukuta, mtu mwenye koti la baba yangu akawa anapokea bahasha.

Nilitaka kusimama. Kelele zilinizidi. Nilisikia mkaguzi mmoja akimwinamia prefe na kumuuliza kama kweli kuna mwalimu wa jina hilo hapa. Prefe hakusema ndiyo. Aliinamisha macho, akatikisa kichwa polepole, kama mzazi mwenye msiba.

"Batoto banaonaka mambo, bwana mukubwa," alisema. "Sisi bakubwa tunafichaka."

Baada ya hapo ni makofi. Waliniita mbele, wakanipa cheti na kitambaa cha kuvaa begani, wakasema msichana huyu ana ujasiri ambao watu wazima hawana. Nilitafuta uso wa baba kule nyuma. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Bijou mkononi, ananitazama tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Sikujua kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa koti la baba yako, na mdudu akawa wewe.

Nyumbani baba alikuwa amekaa nje, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ananyoosha mikono. Nilipiga magoti. Nililia, nikaeleza yote, koti, Fanta, kicheko. Nilitaka anipige. Mungu wangu, nilitamani sana anipige! Aliniuliza jambo moja tu.

"Banasema mu filme jina yangu?"

Nikasema hapana, papa, katika filamu hakuna jina lolote.

"Basi hakuna neno," akasema. "Kesho utaeleza, bantu bataelewa."

Alikuwa mtu wa hesabu. Aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri, mtu hawezi kukataa kulielewa.

Kesho yake asubuhi alipewa barua ya kukaa nyumbani wakati wa uchunguzi. Nami asubuhi ileile, kwenye salamu ya bendera, niliomba ruhusa ya kusema. Prefe alinipa kwa moyo mkunjufu, hata akaninyamazishia wanafunzi. Nilisimama mbele ya shule nzima nikasema: ndugu zangu, ile ni hadithi niliyoitunga, mwalimu yule si baba yangu, baba yangu hajawahi kuchukua kitu cha mtu.

Halafu sauti ikatoka mstari wa nyuma: "Rebeka!"

Na wote wakapokea. "Rebeka amekula! Rebeka amekula!" Walicheka, wakaruka, vumbi jekundu likainuka uwanjani. Ni maneno yangu! Niliyaandika mwenyewe, kitandani kwangu, nikijiona mwandishi. Niliwafundisha kwamba msichana anayerudi kusema "nilikosea" amenunuliwa, nao wakajifunza vizuri sana. Sasa ningesema nini ambacho sikuwa nimekwisha kukiharibu? Nikilia, Rebeka pia alilia. Nikiapa, Rebeka pia aliapa. Prefe aliweka mkono begani kwangu akawaomba wanafunzi wanisamehe, kwa maana damu ni nzito kuliko maji.

Nilikwenda kwa Ya Fiston, katika hoteli ndogo alipofikia mjini, karibu na mabenki. Nilimkuta anafunga mizigo, anahamia mji mwingine. Alinisikiliza, na ninaamini alisikitika. Lakini alisema filamu imekwisha kutumwa kwa wakubwa wake, wameisifu, itaonyeshwa katika shule nyingine kama somo. Na filamu haina jina la mtu, Ntumba, sasa tutaifuta kwa sababu gani? Watasema tumeogopa. Watasema tumekula.

Mnaona? Hata yeye!

Nilimtafuta Héritier. Alinikimbia sokoni, alinikimbia kanisani, mwishowe nilimshika kwenye lango la kwao. Hakukana. Alisema prefe alimuuliza tu hali ya hesabu zake, kisha akamwambia katika filamu afanye kama anavyofanya kwenye sherehe, na mwisho wa mwaka wasingemwacha azame.

"Nilikuwa naanguka, Ntumba," alisema, machozi yanamtoka. "Papa yako asingenivua mu mayi. Unamuyua. Na miye sikuyua itafika huku... Niliona ni kuchekesha tu."

Nilimsihi aende kwa mkaguzi akaseme hayo hayo. Alikataa. Alisema akisema, cheti chake kinakufa, na bado hakuna atakayemwamini. Lililoniumiza zaidi ni kwamba sehemu ya mwisho ilikuwa kweli. Leo Héritier yuko chuo kikuu. Akiniona njiani anavuka upande wa pili.

Filamu ilipita kwenye simu za watu mji mzima. Kanisani walimwomba baba asisome tena Neno mbele ya watu, "kwa muda tu". Sokoni wateja wa mama walianza kununua unga kwa wengine. Alipolalamika, jirani yake wa meza alimjibu kwa upole kabisa: lisemwalo lipo, mama Ntumba, na kama halipo laja. Mimi nilifanya mtihani wa taifa katika hali hiyo na nikaanguka. Katika hesabu, jamani! Zero yangu ni yangu, naichunga.

Lakini ngoja niwaambie kilichomvunja baba. Haikuwa barua, wala kanisa. Ni wazazi.

Walianza kuja nyumbani! Kabla ya filamu hakuna aliyethubutu tena kuleta kitu kwa Prof Kalambayi. Sasa walikuja wengi, wakati wa jioni, na mifuko yao. Waliamini kwamba mtu mkubwa kiasi hicho katika kuuza alama lazima bado ana mkono mrefu ofisini. Mmoja wao alikuwa yule mama wa zamani, wa kuku. Alikuja na kuku mwingine, mnene zaidi, akapiga magoti kwa heshima.

"Papa Prof, munisamehe, ile siku sikuyua namna ya kufanya. Sasa tumeona mu filme."

Baba alimtazama. Nilimsubiri asafishe koo. Nilimsubiri amweleze somo, amsindikize mpaka barabarani. Hakufanya lolote. Aliingia ndani, akalala na viatu, uso ukutani. Kuku alibaki uani hadi mama alipomrudisha mwenyewe. Tangu siku hiyo baba anaongea kidogo sana, na hajashika chaki tena.

Uchunguzi uliisha bila mtu kutuambia umeishaje. Baba hakufukuzwa wala hakurudishwa. Nafasi yake alipewa mwingine, kijana mpole asiyemkatalia prefe. Koti nilikuwa nimelirudisha zamani. Nililifua kwa mikono yangu, nikalipiga pasi, nikalitundika kwenye msumari sebuleni, na chaki zake nikazirudisha mfukoni. Baridi ya mwezi wa sita ilikuja, ile baridi yetu ya Katanga inayouma masikio asubuhi, na baba alitoka na shati la mikono mifupi. Mama alimpa sweta yake ya kike. Aliivaa hiyo. Koti hakuligusa.

Na sasa nifike mwisho.

Juzijuzi Bijou alirudi kutoka shule ya msingi anarukaruka. Ana miaka minane. Usiku ule wa filamu alikuwa mdogo mno, alisinzia magotini kwa mama kabla hata taa hazijazimwa. Alisema leo wageni walileta mashine, wakawaonyesha filamu ya Yaya Ntumba! Alijivuna mbele ya darasa zima kwamba dada yake ndiye aliyeitengeneza. Baada ya filamu mwalimu aliwauliza, nani ni mtu mbaya? Na watoto wakubwa waliokwisha kuiona kwenye simu wakapiga kelele, wakamtaja.

Nilimuuliza yeye alifanya nini.

"Na miye niliita!" alisema. "Bote baliita."

Uliita nani, Bijou?

"Prof Kalambayi." Kisha akanitazama vizuri, na nikaona jambo likimwingia taratibu usoni. Huyu mtoto humwita baba papa. Nyumbani hakuna anayemwita prof tena.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alianza kusimama saa ngapi. Alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Uliita na nguvu?"

"Na nguvu, papa," akajibu kwa sauti ndogo. "Mwalimu alisema muzuri."

Baba aliitikia kwa kichwa kama anavyomkubalia mwanafunzi aliyepata jibu. Alisimama, akaenda kwenye msumari, akalishusha koti, akalikunja vizuri, viraka ndani. Akaja akaniwekea mikononi.

"Urudishe hii kwa Fiston," alisema. "Iko ya ule bwana wa mu filme."

Wasomaji wapenzi, sina la kuwashauri lililo kubwa. Sisemi msitengeneze filamu, wala sisemi mwache kupigana na rushwa. Pigana nayo! Lakini ukimchora mwizi, angalia umemvika nguo ya nani. Mkubwa akikuomba ubadilishe jambo dogo tu, iulize nafsi yako kwa nini mkubwa anajali jambo dogo. Na nyie wanafunzi, nawapigia magoti: umati unapotaja jina la mtu, nyamazeni kwanza, hata kama mnaujua wimbo wake. Kulitaja ni rahisi mno. Kulirudisha nimejaribu kwa kila njia, na sijaweza.

Ya Fiston simu yake haipatikani tena. Koti liko chini ya kitanda changu, limekunjwa vilevile alivyolikunja. Baridi imeanza tena wiki hii, na leo asubuhi baba ametoka bila kitu begani.